Mbwa anayelinda mchicha wako, amechanjwa?

Msomaji mmoja wa Mkuranga ameniandikia wiki hii. Nyuma ya nyumba yake ana matuta ya mchicha, matembele na nyanya chungu, na mihogo kidogo pembeni mwa uzio. Panya buku wanafukua mihogo, ngedere wanashuka alfajiri kuchuma nyanya chungu, na usiku panya wadogo wanamaliza miche. Jirani amemshauri afuge mbwa. Mume wake hataki, anasema mbwa atawaletea watoto magonjwa, bora wanunue sumu. "Daktari," anauliza, "nimsikilize nani?"

Nimeamua kumjibu hapa gazetini kwa sababu swali lake ni la wengi, hasa ninyi mnaoishi pembezoni mwa miji ambako nyumba, bustani na kichaka vimegusana. Jirani kasema jambo la maana. Mume naye ana hoja ya kusikilizwa, ila hiyo sumu yake siikubali hata kidogo. Na mbwa mwenyewe namkubali kwa sharti moja: awe na kadi ya chanjo, na sindano iliyoandikwa humo isiwe ya mwaka juzi.

Tuanze na kazi yenyewe, maana watu wengi wanamdai mbwa asichokiweza. Watafiti walikwenda kwenye kaya 40 za vijiji vinne nchini Eswatini, nchi iliyokuwa ikiitwa Swaziland, wakapima jinsi panya wanavyozunguka na kula karibu na nyumba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kwenye kaya zenye mbwa na paka kwa pamoja, panya walipunguza mizunguko, na chakula kilichotegwa walikiacha mapema kabla hawajakimaliza. Waliogopa. Lakini kaya yenye mbwa peke yake, au paka peke yake, haikuwa na tofauti na kaya isiyo na mnyama yeyote. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba mbwa mmoja atamaliza panya wote, huyo anataka kukuuzia mbwa. Panya shamba, ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro wamemchunguza kwa miaka mingi, anaweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa uzao mmoja. Huwezi kumshinda mnyama wa namna hiyo kwa meno ya mbwa. Unamshinda kwa kumnyima chakula na maficho: nafaka kwenye pipa lenye mfuniko, majani yaliyofyekwa kando ya uzio, mabaki ya chakula yasiyolala nje. Mbwa na paka wanakuja juu ya hayo.

Mahali ambapo mbwa hana mpinzani ni kwa wanyama wakubwa. Ngedere, nyani, nguruwe pori, hata panya buku anayetoka usiku, wote wanabadili njia wakisikia harufu na sauti ya mbwa anayetembea huru ndani ya uzio. Nasema anayetembea huru, kwa sababu aliyefungwa ngedere wanampima urefu wa kamba siku ya pili tu, siku ya tatu wanakula hatua moja mbele ya pua yake. Kwa viwavi, vidukari na konokono usimsumbue, hiyo si kazi yake.

Sasa sumu. Kwenye stendi na masoko yetu hamkosi kumsikia yule mchuuzi mwenye spika: dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya panya. Kinachouzwa mara nyingi ni unga au chembechembe kwenye kikaratasi kisicho na jina la dawa, kipimo, wala maelezo ya nini kifanyike mtu akiimeza. Sisi tunaopokea wagonjwa wa dharura tunaujua unga huo kwa matokeo yake. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anaokota kipande cha dagaa au andazi lililopakwa sumu. Anafika kwetu anatoka mate na jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, anahema kwa shida. Hiyo ni dalili ya sumu za jamii ya viuatilifu vya shambani, zinazoshambulia mishipa ya fahamu. Sumu nyingine, zile zilizotengenezwa mahususi kwa panya, huzuia damu isigande. Mtoto anaweza kuonekana mzima siku mbili au tatu, kisha akaanza kutoka damu puani na kwenye fizi.

Ukikumbwa na hilo, usimnyweshe maziwa wala mafuta na usimtapishe. Chukua mtoto na kile kikaratasi, hata kama ni kitupu, mkimbie hospitali. Kikaratasi kinaweza kutuokolea saa nzima ya kubahatisha.

Na mbwa je? Panya aliyekula sumu ya kuzuia damu kuganda hafi papo hapo. Anazunguka siku kadhaa akiwa mzito na mlegevu, na mlegevu ndiye rahisi kukamatwa. Mbwa au paka anamla, naye anaanza kutoka damu. Yaani sumu na mbwa havikai kwenye uzio mmoja. Anayeweka vyote viwili anamuua mlinzi wake, na panya wanarudi baada ya wiki chache wakakuta bustani haina mwenyewe.

Hadi hapa mume wa Mkuranga anaweza kudhani nimempuuza. Sijampuuza. Hofu yake ya magonjwa ina msingi, na ugonjwa wa kwanza ninaotaka tuuzungumze ni ule ambao, dalili zikishajitokeza, mimi kama daktari sina ninachoweza kufanya zaidi ya kumtuliza mgonjwa.

Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu wote Afrika na Asia. Katika kila wagonjwa 100, takribani 99 waliambukizwa na mbwa. Na kati ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne katika kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kirusi hukaa kwenye mate. Kinaingia kupitia jeraha, kinapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka.

Mbwa wa bustani yuko kwenye hatari kuliko mbwa wa getini, na sababu ni ile ile kazi tuliyompa. Nguchiro, mbweha au paka pori mzima humwona mbwa akakimbia. Akishapata kirusi, woga unaweza kumtoka. Anatembea mchana kweupe, anapita katikati ya uwanja, anamfuata mbwa badala ya kumkimbia. Mbwa mwoga atajificha chini ya gari na huenda akasalimika. Mbwa wako mzuri, yule unayemsifia kwa majirani, atakwenda kumzuia mlangoni mwa bustani. Usiku huo huo anaweza kupigana na mbwa koko aliyepenya kwenye uzio. Wewe asubuhi unaona mkwaruzo mdogo kwenye pua, unasema "huyu bwana jana alifanya kazi."

Kuna mgonjwa ambaye bado namkumbuka, mkulima wa mboga wa mabondeni, kijana wa miaka thelathini na kidogo. Mbwa wake alimuua nguchiro kando ya tuta la figiri. Wiki kadhaa baadaye mbwa huyo, ambaye hakuwahi kumng'ata mtu wa nyumbani, alimparua mkono kwa jino alipokuwa anamwondolea sufuria. Kidonda kidogo, kama mwiba wa mchongoma. Akaweka chumvi na majani ya tumbaku. Mbwa akatoweka, akasema ameibiwa. Alipoletwa kwetu ilikuwa miezi miwili imepita, na mkono ule ulikuwa unawasha na kuchoma mahali ambapo kidonda kilishapona zamani. Aliomba maji, akapewa kikombe, na kilipokaribia midomo koo lilikaza mwili mzima ukatetemeka. Aliniuliza mwenyewe, kwa akili timamu kabisa, kama huu ni ugonjwa wa mbwa. Hakumaliza wiki. Mke wake aliniambia hakujua kama kumchanja mbwa ni jambo la watu wa hali yao. Alidhani ni la wenye mbwa wa Kizungu.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yananifanya niandike. Tumezoea kuona mbwa wa kizungu mwenye mkanda shingoni akipelekwa kwa daktari wa mifugo, na mbwa wetu wa kienyeji, anayefanya kazi mara mbili, tunamwona kama jembe: likivunjika utapata lingine. Watu wananunua mbegu za nyanya chotara, wananunua mbolea ya kukuzia, wananunua mpira wa kumwagilia, wanajenga uzio wa wavu. Sindano ya mbwa mara moja kwa mwaka, ambayo wakati wa kampeni mara nyingi hutolewa bure na siku nyingine bei yake haifiki thamani ya mfuko wa mbolea, inaonekana anasa. Ukilinganisha na upande wa pili: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kumtibu mtu mmoja aliyeng'atwa hugharimu wastani wa dola 108 za Kimarekani, zikiwemo nauli na siku za kazi zilizopotea. Hiyo ni gharama ya kuwahi. Ya kuchelewa mmeisikia.

Kwa kuwa nimeshaingia huko, wacha niseme la kufanya uking'atwa au kukwaruzwa na meno, hata na mbwa wako mwenyewe, hata kama ni mtoto wa mbwa. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kama huna bomba, mtu mmoja amimine maji kwa kopo na mwingine aoshe, mkiangalia saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko mnavyodhani na wengi huacha baada ya mbili. Sabuni ya kipande inatosha, kirusi hiki hakiiwezi sabuni. Usiweke pilipili, chumvi, mafuta ya taa, maji ya betri wala majani. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chanjo huanza siku hiyo, ikarudiwa siku ya 3 na ya 7 baada ya ile ya kwanza, na ikiwa unachomwa kwenye msuli kuna dozi nyingine kati ya siku ya 14 na ya 28. Kama jeraha limetoboa ngozi, hasa kichwani, usoni au vidoleni, uliza na dawa ya kinga ya haraka inayochomwa kuzunguka kidonda. Kituo kikikuambia chanjo imekwisha, na hilo hutokea, mwambie mhudumu apige simu hospitali ya wilaya kabla hujapanda gari. Usirudi nyumbani kusubiri.

Mbwa aliyeng'ata usimuue papo hapo. Mfungie mahali salama, mpe chakula na maji, mwite bwana mifugo. Mbwa akikaa siku 10 akiwa mzima, hakuwa na kirusi kwenye mate siku aliyong'ata, na daktari anaweza kukusimamishia sindano. Lakini usingoje siku hizo 10 zipite ndipo uanze.

Jambo jingine ambalo watu huja nalo kwa hofu: kung'atwa na panya. Panya ni nadra sana kumwambukiza mtu kichaa cha mbwa. Osha jeraha vilevile, na uliza kuhusu pepopunda. Panya ana mabaya yake mengine, nitayafikia.

Kuna wanaoniambia kwamba kuchanja mbwa ni kumwaga maji kwenye mchanga, mbwa ni wengi mno. Nawapeleka Pemba. Mwaka 2010 kisiwa kile kilianza kuchanja mbwa, na kadiri kampeni za kila mwaka zilivyoboreshwa, mbwa wenye kichaa, watu waliong'atwa na vifo vilipungua. Kufikia Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Kisha kampeni zikalegea. Mwishoni mwa 2016 kirusi kikaingizwa tena kisiwani, mara mbili, kikakuta mbwa wasio na kinga, kikasambaa. Chanjo ya kisiwa kizima ikarudishwa, na Oktoba 2018 ugonjwa ukaondoka tena. Watafiti waliufuatilia kwa kupekua nyumba kwa nyumba nani kang'atwa na mbwa yupi, na kwa kusoma vinasaba vya kirusi chenyewe, kwa hiyo hizi si hadithi za barazani. Na Pemba ni kisiwa cha Waislamu, ambako mtu angedhani hakuna anayejali mbwa. Mbwa wa kulinda shamba ana nafasi yake inayojulikana katika dini, na Unguja na Pemba wapo wakulima wanaofuga mbwa kwa ajili hiyo hiyo ya kulinda mazao. Aliyenajisi kwake mate ya mbwa hakatazwi kumchanja. Nadhani ana sababu moja zaidi ya kufanya hivyo.

Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100 kwenye eneo, na ukarudia kila mwaka, kirusi kinakosa pa kupita. Haihitajiki mia kwa mia. Watoto wa mbwa nao wasiachwe siku ya kampeni kwa kisingizio kwamba ni wadogo, maana hao ndio watoto wetu wanaowabeba mchana kutwa.

Kuna mazoea mengine ambayo nayapinga waziwazi, ya kumwacha mbwa na njaa ili awinde. Nimeyasikia Pwani, nimeyasikia Kilimanjaro: "mbwa akishiba analala." Mbwa anabweka na kufukuza kwa sababu hapo ni kwake, si kwa sababu tumbo ni tupu. Mwenye njaa ndiye anayeruka uzio kwenda jalalani na machinjioni, anakutana na mbwa koko, anakula panya waliokufa kwa sumu ya jirani, anakula maini na mapafu yenye uvimbe wa maji yaliyotupwa na mchinjaji. Uvimbe ule una mabuu ya tegu, tegu anakua kwenye utumbo wa mbwa, na mayai yake yanarudi nyumbani kwako na kinyesi. Mtu akiyameza, uvimbe kama ule unaota kwenye ini lake yeye, taratibu, kwa miaka. Ugali wa kutosha na dagaa au mabaki ya nyama iliyopikwa, mara mbili kwa siku, ndio unaomweka mbwa ndani ya uzio. Huo ni ushauri wa afya ya binadamu kabla haujawa wa huruma kwa mnyama.

Rudi sasa kwenye matuta. Bustani ya mboga na kinyesi cha mbwa vinagusana kila siku, na hapa hoja ya mume wa Mkuranga ina nguvu kuliko yeye mwenyewe anavyojua. Mbwa, hasa watoto wa mbwa, wana minyoo mirefu mviringo ambayo mama huwaambukiza wangali tumboni. Mayai hutoka na kinyesi, yanakaa kwenye udongo wiki mbili hadi nne ndipo yanakuwa na uwezo wa kuambukiza, na yanaweza kudumu ardhini miaka. Mtoto anayechezea udongo akapeleka kidole mdomoni, au anayekula mboga mbichi isiyooshwa vizuri, anayameza. Ndani ya mwili wa mtu minyoo hii haikui ikawa mikubwa. Mabuu yanatangatanga kwenye ini, mapafu, na mara chache jichoni, na jicho likiguswa mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kuona upande huo. Kuna na safura ya mbwa, ambayo mabuu yake hupenya ngozi ya miguu peku na kuchora mstari mwekundu unaowasha, unaosogea kidogo kidogo kila siku. Akina mama wengi wameuona mstari huo kwa watoto wao bila kujua umetoka wapi.

Dawa yake si kumfukuza mbwa. Mpe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, watoto wa mbwa mara nyingi zaidi kwa maelekezo ya bwana mifugo. Okota kinyesi kila siku, ukifukie mbali na matuta na mbali na kisima. Kamwe usikichanganye na samadi ya ng'ombe au mbuzi, kama ninavyoona wengine wakifanya kwa kudhani samadi ni samadi. Na matuta yenyewe yazungushie fito au wavu wa chini, futi mbili zinatosha, mbwa alinde kutoka njia za katikati. Ngedere hawajali kama mbwa amesimama juu ya mchicha au pembeni yake.

Nilisema nitarudi kwa panya. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa uliokuwa ukiwatoa watu damu puani huko Ruangwa, mkoani Lindi. Walipatikana wagonjwa 20, watatu wakafariki. Kwa siku kadhaa nchi nzima ilikuwa na hofu ya ugonjwa wa ajabu, mpaka vipimo vilipoonyesha ni homa ya mgunda. Mgunda, kwa makabila yetu kadhaa, ni shamba, na jina limekaa mahali pake. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya, na wa wanyama wengine pia, mbwa akiwemo. Wanaishi kwenye maji na tope, wanaingia kwa mtu kupitia michubuko, macho na mdomo. Mbwa anayefukua mashimo ya panya anaweza kuwabeba na kuwatoa kwa mkojo bila yeye kuonekana mgonjwa.

Kwa hiyo vaa mabuti unapomwagilia, funika vidonda, usimshike kwa mikono mitupu panya aliyeuawa na mbwa. Tumia koleo, mfukie. Kama mjini kwenu kuna daktari wa mifugo mwenye chanjo ya mbwa inayojumuisha ugonjwa huu, iulize. La muhimu zaidi, ukipata homa kali, maumivu ya misuli hasa ya ndama za miguu, macho mekundu au manjano, mwambie daktari kwamba unalima bustani, una mbwa na nyumbani kuna panya. Sisi huwa hatuulizi. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya 60 katika kila 100 waliambiwa wana malaria. Walioumwa malaria kweli walikuwa 14 tu kati ya wote 870. Baadhi ya waliobaki walikuwa na maambukizi ya bakteria na ya magonjwa yatokayo kwa wanyama, homa ya mgunda ikiwemo, ambayo hutibika kwa antibiotiki za kawaida mgonjwa akiwahi. Siku hizi tunapima malaria kwa kipimo cha haraka, afadhali, lakini kipimo kikitoka hasi bado tunakwama: mgonjwa anaambiwa "una maambukizi kidogo kwenye damu," anapewa dawa yoyote, anaondoka.

Hapo ndipo naudhika na mpangilio wetu. Bwana mifugo wa kata anajua ni mtaa gani mbwa wameanza kufa. Mhudumu wa afya wa mtaa huo huo anajua ni akina nani wameng'atwa. Ofisi zao mara nyingi ziko kwenye jengo moja au zinatazamana, na hawana utaratibu wa kuambiana. Neno Afya Moja tumelisikia kwenye makongamano miaka mingi. Ningefurahi likianza na daftari moja la kung'atwa linalosomwa na wote wawili kila Ijumaa.

Wakati tukisubiri hilo, kuna jambo dogo linalokwamisha chanjo mitaani na linaweza kutatuliwa na nyumba chache. Chupa nyingi za chanjo ya kichaa cha mbwa zina dozi 10, na ikishafunguliwa lazima itumike siku hiyo, huku ikiwa imetunzwa kwenye baridi tangu dukani. Ukienda na mbwa mmoja, bwana mifugo atakuambia usubiri, naye hana kosa, maana dozi tisa zitamharibikia. Subira hiyo inageuka mwaka. Basi msomaji wangu wa Mkuranga na jirani yake wapite nyumba za karibu, wahesabu mbwa hadi wafike 10, watoto wa mbwa wakiwemo, wachange, wakubaliane na bwana mifugo siku moja asubuhi chini ya mwembe wa mtu mmoja. Kila mbwa aje na kamba na mtu mzima anayemjua. Watoto wasitumwe kuwashika. Aandikiwe kadi yenye tarehe, na kadi iwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, kwenye mfuko ule ule wa nailoni, ili siku ikihitajika isitafutwe.